Usiifute Namba Usiyoielewa

Maji ya mashamba ya Usangi, katika milima ya Upare, huanzia juu, kwenye msitu wa Kindoroko, yakashuka kwa mifereji iliyochimbwa na watu ambao leo tunawasikia tu katika masimulizi ya koo. Njiani hukusanywa katika ndiva, bwawa dogo lenye kingo za mawe na udongo. Jioni msimamizi huliziba tundu la ndiva, maji yakajikusanya usiku kucha. Alfajiri hulizibua, na wenye zamu ya siku hiyo wakayaelekeza kwenye mahindi, maharage na migomba. Bila ndiva, kijito cha kiangazi kingenywewa na udongo wa mfereji kabla hakijafika shambani. Ndiyo maana kila asubuhi kuna swali linalotangulia mengine yote: leo tuna maji kiasi gani? Likijibiwa vibaya, mwenye zamu ya mwisho hukuta mfereji mkavu, na majirani huanza kutazamana kwa shaka.

Kwenye ndiva mojawapo ya huko ndiko nilikojifunza mengi ya yale ninayoyajua leo kuhusu vihisi vya kielektroniki na namba zisizoaminika. Ninayaandika kwa ajili ya vijana wanaounda mitambo yao wenyewe kwa kompyuta ndogo, maana wengi wao wanakwama palepale tulipokwama sisi, na wengi huondoka hapo wakiwa na mtambo unaopendeza macho lakini haufai kutegemewa.

Kikundi cha vijana wa kijiji, wahitimu wa sekondari, walikuwa wamefunga mtambo wa kupima maji ya ndiva. Ubongo wake ulikuwa Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja inayotoshana na kadi ya benki, iliyoanza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012. Eben Upton na wenzake wa Cambridge waliibuni ili watoto wapate kompyuta ya bei ndogo ya kujifunzia. Tanzania haikuchelewa kuipokea. Shirika la Powering Potential, lililoanzia kazi zake Karatu, lilizifunga katika shule za sekondari za umma zikiendeshwa kwa sola, pamoja na maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti. Lakini kilichowavutia vijana wetu ni zile pini 40 zilizopangwa ukingoni mwa bodi, ambazo kwazo kompyuta huweza kupokea habari za joto, maji na mvua.

Walikuwa wamefunga vihisi vinne. Swichi ya boya ilitakiwa kusema kama ndiva imejaa. Kihisi cha mwangwi, kilichoning'inizwa juu ya maji, kilipima umbali hadi usoni pa maji. Kipimajoto cha aina ya DS18B20 kilipima joto la hewa kando yake. Cha nne kilikuwa kipima mvua. Kompyuta yenyewe ilikaa kwenye banda la mashine ya kusaga lililo karibu, ikila umeme wa betri ya sola ili isizimike kila umeme wa gridi unapokatika. Waya mrefu ukatoka bandani hadi ndivani.

Kwa muda mtambo ukafanya kazi. Kisha namba zikaanza kuwa za ajabu. Mchana, ndiva ikiwa imekwisha kufunguliwa, skrini ilionyesha imejaa. Alfajiri joto lilipanda ghafla hadi nyuzi 85. Mvua ya manyunyu ilihesabiwa kama ya masika. Na ndiva ilipojaa kweli, kina cha maji kilirukaruka.

Kijana aliyeandika programu, mwenye bidii na akili nzuri, akatafuta dawa. Aliiamuru programu itupe kila namba iliyopita kiasi fulani, halafu ichukue wastani wa zilizobaki. Mchoro kwenye skrini ukawa laini. Nilipoitwa kuutazama mtambo, nilimkuta akiwa na msimamizi wa ndiva, mzee aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake na ambaye hupima maji kwa mti mrefu uliochongwa alama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuitazama mashine? Juzi imesema ndiva imejaa, nami nilikuwa nimeizibua tangu alfajiri. Watu wamekuja na majembe yao, wamekuta tope."

Kijana akasema kwa heshima, "Mzee, nimeshairekebisha. Zile namba mbaya haizionyeshi tena."

Mzee akamtazama. "Haizionyeshi, au hazipo?"

Sijasikia swali bora kuliko hilo katika kazi ya vipimo. Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuiondoa ile programu ya kusafisha namba, ili tuzione zote zilivyo. Jambo la pili lilikuwa daftari. Kila namba ya ajabu tuliiandika pamoja na saa yake, na mbele yake tukaandika kilichokuwa kikiendelea: jua au ukungu, mashine ya kusaga inanguruma au imezimwa, nani amegusa nini. Namba mbaya ikiwa peke yake haisemi kitu. Ukiijua saa yake na mazingira yake, inaanza kukuonyesha ilikotoka.

Swichi ya boya ndiyo iliyojieleza mapema. Ukurasa mmoja wa daftari ulitosha kuonyesha kwamba "ndiva imejaa" za uongo zilikuja mashine ya kusaga ilipokuwa kazini, hasa mota ilipowashwa au kuzimwa.

Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Pini ya Raspberry Pi inaelewa hali mbili tu: volti iliyo karibu na sifuri, na volti iliyo karibu na 3.3. Kilicho katikati hakina uhakika. Swichi ya boya ikijifunga, huiunganisha pini na ethi, na kompyuta ikasoma sifuri. Ikifunguka je? Mtu hudhani pini sasa itasoma moja. Kumbe pini iliyoachwa bila kuunganishwa na chochote haina hali yake yenyewe. Husoma chochote kinachoingia kupitia waya. Na waya mrefu unaoishia hewani ni antena. Umeme wa gridi yetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na waya wa boya ulikuwa umefungwa sambamba na waya wa mota ya mashine. Kila mota ilipoamka, pini ilipokea mshtuko, na programu ikautafsiri kuwa boya limepanda.

Hatukutaka kukisia, kwa hiyo tulikata njia katikati. Tulichomoa waya wa boya kwenye bodi, tukaiunganisha pini na ethi kwa kipande kifupi cha waya: sifuri, imetulia, hata mota ikinguruma. Tukaiunganisha pini na volti 3.3 kupitia resista: moja, imetulia. Basi bodi ilikuwa nzima na programu ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa nje, kati ya ukuta wa banda na maji. Mtindo huu wa kugawanya njia na kuuliza "kasoro iko upande gani?" ndio ninaomfundisha kila anayetaka ufundi huu, kwa kuwa humwokoa mtu na tabia ya kubadilisha vitu vitano kwa pamoja, kisha asijue ni kipi kilichoondoa kasoro.

Tiba yake ilikuwa ya bei ndogo. Raspberry Pi ina resista za ndani zinazoweza kuivuta pini juu, lakini ni dhaifu, karibu kiloomu 50, na zinatosha kwa kitufe kilicho mezani tu. Kwa waya mrefu tuliweka resista ya nje ya kiloomu 4.7 kati ya pini na volti 3.3, ili swichi ikiwa wazi pini ijue kwamba jibu ni moja. Tukaweka kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya pini na ethi ili imeze mishtuko mifupi. Waya wa zamani tukaubadilisha kwa kebo ya mtandao ambayo nyaya zake zimesokotwa jozi jozi, tukaipitisha mbali na waya wa mota. Kuanzia hapo mashine ilisaga, boya likanyamaza.

Kipimajoto kilikuwa na funzo zito zaidi. Namba 85 ilijitokeza alfajiri, na kila mara ilikuwa 85 kamili. Uchafu wa umeme hauchagui namba moja kila siku. Maelezo ya mtengenezaji yanasema wazi: DS18B20 inapopata umeme upya huwa imeshika 85 kama thamani ya kuanzia, mpaka ikamilishe kipimo chake cha kwanza, kazi inayoweza kuchukua hadi milisekunde 750. Kwa hiyo 85 haikuwa joto hata kidogo. Ilikuwa taarifa kwamba kihisi kimezimika na kuwaka tena.

Kwa nini alfajiri? Kwa sababu betri ya sola huwa imechoka zaidi saa ile kabla ya jua kuchomoza. Tulipima kwa multimita, kwanza kwenye betri, kisha kwenye kigeuzi cha volti 5, kisha kwenye bodi yenyewe. Kwenye kigeuzi volti zilikuwa zimeshuka kidogo tu. Kwenye bodi zilikuwa zimepungua mno. Nyingi zilipotea njiani, katika kebo nyembamba ya kuchajia simu na katika skrubu moja iliyolegea. Raspberry Pi hutoa onyo volti zikishuka chini ya 4.63, na onyo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo siku zote, ila hakuna aliyekuwa akizisoma. Tukaweka kebo fupi na nene, tukakaza skrubu, namba 85 ikatoweka.

Fikiri sasa kama tungeiacha ile programu iendelee kuifuta. Skrubu ingezidi kulegea kimyakimya hadi siku mtambo mzima ungezimika, na mtu angesema kompyuta hizi ni mbovu. Tena kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Kihisi cha mwangwi hutuma sauti ya juu isiyosikika, hupima muda wake wa kwenda na kurudi, na hesabu ya umbali hutegemea kasi ya sauti, ambayo nayo hutegemea joto la hewa. Kwenye nyuzi 14 sauti hukimbia takriban mita 340 kwa sekunde. Programu ikiamini joto ni 85, kwa kanuni rahisi ya kawaida itatumia mita 383. Maji yakiwa mita moja chini ya kihisi, hesabu itayashusha kwa zaidi ya sentimita 12. Ndiva yetu ya mita 20 kwa 15 itaonekana imepungukiwa lita zipatazo 38,000. Mahali ambapo maji hugawiwa kwa zamu, upungufu wa namna hiyo hutafutiwa mwizi. Skrubu iliyolegea ingeweza kumvunjia mtu heshima yake kijijini.

Kihisi cha mwangwi chenyewe hakikuwa kibovu. Aina hii isiyoingia maji haiwezi kuona kitu kilicho karibu mno, takriban chini ya sentimita 25. Ndiva ilipojaa, maji yaliingia katika eneo hilo, na mwangwi ukarudi kabla kihisi hakijawa tayari kuusikiliza. Tulikiinua kwenye nguzo ndefu zaidi, kurukaruka kukaisha. Jingine ni kwamba kihisi hicho hurudisha volti 5, na pini ya Raspberry Pi haivumilii zaidi ya 3.3. Vijana walikuwa wamelijua hilo na kuweka resista mbili za kugawa volti, na nawasifu kwa hilo, kwani bodi nyingi huungua hapo. Tuliporekebisha hesabu ya joto, tofauti kati ya alfajiri ya nyuzi 14 na mchana wa nyuzi 28 ikaacha kutupotosha. Kwa umbali wa mita mbili, tofauti hiyo peke yake ni karibu sentimita 5, sawa na lita 15,000 za ndiva yetu.

Kikabaki kipima mvua. Ndani yake mna vikombe viwili vidogo vinavyopokezana: kimoja kikijaa maji ya milimita 0.2 za mvua, huinama, humwaga, na sumaku yake hupita mbele ya swichi ndogo. Swichi hiyo ikijifunga hutetemeka kwa muda mfupi sana, na kompyuta yenye kasi huhesabu kila mtetemo. Hapa tuliiruhusu programu ikatae baadhi ya namba, na ni muhimu msomaji aone tofauti. Hata mvua kubwa mno ya milimita 200 kwa saa ingeinamisha kikombe mara moja tu katika kila sekunde 3.6. Hesabu ya pili inayokuja ndani ya nusu sekunde haiwezi kuwa mvua. Tuliikataa kwa sababu tulijua inatoka wapi na kwa nini haiwezekani. Kijana wetu mwanzoni aliikataa kwa sababu haikumpendeza. Msimbo wa namna zote mbili unaweza kufanana neno kwa neno, lakini mmoja ni elimu na mwingine ni pazia.

Kipima mvua kilitupa pia kosa la kinyume: siku ya mvua kilisoma sifuri. Buibui alikuwa ametanda utando kwenye shingo ya faneli, na jani likaziba tundu. Hakuna programu inayoweza kufagia utando wa buibui. Tukaweka wavu, na kazi ya kusafisha ikaingia kwenye zamu za kikundi kama kazi nyingine za ndiva.

Matatizo haya si ya Usangi peke yake. Mtandao wa TAHMO, ulioanzishwa na Nick van de Giesen wa Delft na John Selker wa Oregon ili kueneza vituo vya hali ya hewa barani Afrika, huweka vituo vyake vingi mashuleni, na umechagua vifaa visivyo na sehemu zinazocheza, vinavyohesabu matone ya mvua badala ya vikombe, kwa kuwa kinachocheza ndicho kinachokwama. Mradi wa 3D-PAWS wa Marekani, uliofika hadi Kenya, umetumia Raspberry Pi pamoja na vipuri vya plastiki vinavyochapwa kwa mashine, ili kilichovunjika kichapwe upya papo hapo. Wote wamelazimika kukubali jambo lilelile: kifaa kinachoishi nje kinahitaji mtu wa kukihudumia. Na vipimo vya milimani tunavihitaji kweli. Kituo cha hali ya hewa cha Same kiko tambarare, kwenye ukame, na mvua yake haiwezi kusimulia mvua ya Kindoroko. Mwaka 2009 mtafiti Marloes Mul alikamilisha tasnifu yake kuhusu maji ya bonde la Makanya, wilayani Same, na hata jina la kazi hiyo linalitaja bonde lile kuwa ni lisilo na vipimo. Vijana wenye kompyuta ndogo na uaminifu wanaweza kuziba sehemu ya pengo hilo.

Baada ya marekebisho, niliomba jambo moja ambalo baadhi ya vijana waliliona la kizamani: mti wa mzee ubaki ndivani, na kila asubuhi usomwe, namba yake iandikwe kando ya namba ya kompyuta. Kompyuta ina faida zake. Haisinzii, huona usiku, huweka kumbukumbu za miaka. Lakini haijui kama imekosea. Mti hauna waya, hauna betri, na kila mwenye zamu anaweza kuusoma kwa macho yake. Namba mbili zikikubaliana, watu huziamini zote mbili. Zikitofautiana, mtu huenda kuangalia siku hiyohiyo, kabla kosa halijawa ugomvi. Mzee alikubali mara moja. Alitaka pia afundishwe kuisoma skrini, akafundishwa.

Kwa hiyo neno langu kwa kijana anayeanza ni hili. Kabla hujanunua kihisi cha pili, nunua multimita na daftari. Anza na umeme, kisha ethi, kisha waya na viungo vyake, kisha kihisi, na programu iwe ya mwisho kushukiwa, maana ndiyo rahisi kuibadilisha na ndiyo rahisi kufichia. Soma maelezo ya mtengenezaji hadi mwisho. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Weka kando ya mtambo wako kipimo ambacho hata asiyejua kompyuta anaweza kukisoma. Na namba usiyoielewa usiifute. Ichunguze mpaka uweze kumweleza mwenye shamba, kwa lugha anayoielewa, ilitoka wapi. Siku utakapoweza hivyo, ndipo utakuwa na haki ya kumwambia alfajiri kwamba leo kuna maji ya kumtosha.